Chunusi Zangu na Dawa ya Daktari wa Korogwe

Siku ninayoikumbuka zaidi katika usichana wangu ni ile ambayo bibi yangu, Mwantumu, alinikuta nyuma ya nyumba nikichoma maganda ya korosho ili yatoe mafuta nijipake usoni. Sikumsikia akija. Nilikuwa nimekwisha kuchovya kijiti kwenye yale mafuta meusi, nimefumba macho, nakisogeza shavuni. Akanidaka mkono.

"Unafanya nini, Zaina?"

"Natoa chunusi, bibi. Nimeambiwa ukizipaka hii zinakauka zote."

"Hii inakausha na nyama iliyo chini yake. Mimi nimeona mtu aliyechomwa na mafuta ya korosho. Wewe unataka uso wako upone, au unataka kuuadhibu?"

Aliyamwaga yale mafuta, akayafukia kwa jembe, kisha akakaa chini pale pale kwenye vumbi na kuniambia nikae. Bibi hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisema, "Kesho kutwa tunakwenda Korogwe hospitali. Mimi na wewe. Mtu yeyote akikuuliza, mwambie bibi yangu ndiye mgonjwa." Nikacheka huku machozi yananitoka.

Mwanangu, ili unielewe, lazima nikuambie uso wangu ulivyokuwa. Si vipele viwili vitatu vya msichana anayekua. Zilikuwa chunusi kubwa, nyingine zina usaha, nyingine ngumu ndani kwa ndani, zinauma hata nikilalia mto. Zilianzia paji la uso, zikashuka mashavuni mpaka kidevuni, na kila moja iliyopona iliacha doa jeusi. Nilinunuliwa sabuni ya kujichubua kutoka Mombo, nikaitumia kidogo tu, ikaniwasha nikaacha. Nilipaka majivu, nilipaka ndimu, nilipaka dawa ya meno. Mama yangu mkubwa, Saumu, tuliyemwita Mama Saumu, ambaye nyumba yake iliangaliana na yetu, alikuwa na dawa moja tu aliyoiamini. "Huyo anataka mume," alikuwa akisema, tena mbele za watu. "Mwozesheni, uso utatulia."

Na hapakuwa pa kujificha. Zamani ukoo wetu wa Kizigua ulikaa kila familia na shamba lake, jirani yako ukimwona ni moshi wa jiko lake tu. Sasa tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, upande wa Handeni, nyumba zimepangwa mstari mmoja mbele ya mwingine. Ukitoka kwenda bombani, kila mlango unakutazama. Wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi kwenye mkonge, kwa hiyo nilikaa na bibi, nami niliichukua tabia ya kujifunika kanga mpaka macho, kama mtu mwenye homa, hata juani.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa kwaya. Kijiji chetu kilikuwa na kwaya, nami ndiye nilikuwa mwimbishaji. Nikianza mimi, wengine wanaitikia. Baada ya mavuno tulitakiwa kwenda Korogwe kwenye sikukuu ya wakulima, kushindana na vijiji vingine. Kila mtu alilizungumzia jambo hilo, maana kijiji kilikuwa kipya na hakikuwa na jina popote. Lakini mimi nilikuwa nimeacha kwenda mazoezini. Nilisingizia tumbo, nikasingizia kuni, mwisho nikakosa cha kusingizia. Ndipo nikaenda kuokota maganda ya korosho.

Basi tukapanda basi, mimi na bibi, tukateremka Korogwe. Hospitali kulikuwa na daktari wa ngozi aliyekuwa akija mara moja moja, Mshambaa wa kutoka Kwashemshi, kijana bado, amevaa miwani. Alipomwona bibi alisimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mjukuu. Nyie watu wa milimani nasikia mnajua kutunza mimea. Nitunzie na huyu."

Akacheka, akaniambia niondoe kanga. Niliiondoa polepole. Yeye akanawa mikono, akanishika kidevu, akanigeuza uso kuelekea dirishani, akanipapasa mashavu kwa vidole bila kukunja uso. Mwanangu, tangu chunusi zile zianze, hapakuwa na mtu mwingine aliyenigusa uso ila bibi.

Aliniuliza nilichowahi kupaka, nikamtajia vyote. Akatikisa kichwa. Kisha akatueleza, taratibu, kwa Kiswahili ambacho hata bibi alikielewa. Alisema ngozi ina vitundu vidogo vya kutolea mafuta, na kwangu vile vitundu vinaziba, uchafu unakaa ndani unaoza, ndiyo usaha. Si uchafu wa kutooga, si kukosa mume, si jicho la mtu. Hapo bibi akanitazama, nami nikajua Mama Saumu atasikia habari hii kabla hatujavua viatu.

Daktari akaandika dawa, nayo ikaletwa tyubu ndogo ya bati laini. Alisema ni dawa mpya, imetokana na jamii ya vitamini, na haitolewi bila daktari. Kisha akanipa masharti yake. Jioni nioge, ninawe uso kwa sabuni isiyo kali, ningoje ukauke kabisa. Nitoe dawa kiasi cha punje ya kunde, hiyo hiyo itoshe uso mzima, nisiweke penye macho wala pembe za mdomo. Mwanzoni nipake leo, kesho nipumzishe. Asubuhi ninawe, nijikinge na jua.

"Sasa sikiliza vizuri," akasema. "Hii dawa kwanza itakuharibu. Utachubuka, utawashwa, na chunusi zitatoka zaidi, kwa sababu zilizojificha ndani zitasukumwa nje. Wengi hapo ndipo wanapoitupa. Wewe usiitupe. Ukizidiwa, ukaona vidonda, njoo. Kama ni kuchubuka tu, vumilia, punguza siku, endelea. Mahindi yatakapobeba ndipo utaanza kuona."

"Na kama nikipaka nyingi ili nipone haraka?"

"Utapona polepole zaidi, na utaungua." Kisha akaongeza, "Jambo la mwisho. Dawa hii si ya mwanamke mwenye mimba, wala anayetarajia. Hatujui vya kutosha itamfanya nini mtoto, kwa hiyo hatujaribu. Na usimpe mtu. Hii nimekuandikia wewe, kwa uso wako."

Tulirudi nyumbani mvua za masika zinaanza, watu wanapanda mahindi kwenye shamba la kijiji. Huko ndiko nilikopata mtihani wa kwanza. Shamba la kijiji kila mtu alilima, na jua la Handeni halina huruma na ngozi iliyopakwa dawa ile. Bibi alinisukia kofia ya ukindu, pana mno, inafunika mpaka mabega. Wasichana wenzangu walicheka mpaka wakaegemea majembe. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kuuliza kuna nini. Nikamwambia amri ya daktari. Akaitazama ile kofia, akasema, "Anayelima mstari wake akamaliza, avae hata ungo." Nililima mstari wangu nikamaliza, tena mbele ya waliokuwa wakicheka.

Kisha uso ukaanza kuharibika kama nilivyoambiwa. Ngozi ilitoka magamba puani na kidevuni, nikitabasamu inakaza kama karatasi, na chunusi mpya zikachipuka mahali ambapo zamani palikuwa safi. Hata mimi niliyekuwa nimeambiwa, niliogopa. Mama Saumu alivuka njia akaja kusimama mlangoni.

"Mwantumu, hospitali inamchoma mtoto. Itupe hiyo dawa."

Bibi alikuwa akichagua maharage. "Daktari alituambia itakuwa hivi kabla haijawa hivi," akajibu. "Anayejua kesho yangu itakuwaje, nikiiona imekuja kama alivyosema, ndiyo nimwache?"

Maneno yale yaliniingia. Mpaka leo nikiwa katika jambo gumu huyarudia. Nilimshukuru bibi, na tangu siku hiyo nikaamua kurudi kwenye kwaya na magamba yangu usoni.

Mwalimu aliyetufundisha kuimba hakuwa mtu mbaya, lakini aliutaka sana ushindi. Aliniita pembeni. "Zaina, tukifika Korogwe, labda mwenzako asimame mbele. Wewe uanzishe ukiwa nyuma. Watu watasikia tu."

Nikamwambia, "Mwalimu, sauti yangu haina chunusi. Nikisimama nyuma, nitaimba kama mtu wa nyuma."

Akasema turudie wimbo kutoka mwanzo, nami nikiwa mbele. Nilirudi mahali pangu, nikauanza. Walipoitikia, nilijua hakuna atakayenitoa pale tena.

Mtihani mgumu kuliko yote haukutoka kwa waliocheka. Ulitoka kwa Fatuma, binti yake Mama Saumu, ambaye tulikua naye, tukila sahani moja. Alikuwa ameolewa karibuni. Mahindi yalipoanza kutoa mbelewele, uso wangu nao ulianza kutulia. Chunusi zilikauka moja moja, na mpya hazikuja. Fatuma aliona. Yeye alikuwa na vipele vichache tu, vilivyomtoka ghafla siku zile, vikamkera.

"Nigawie kidogo," akaniambia. "Kiasi cha kunde, kama wewe."

"Fatuma, una mimba?"

Akaangalia chini. "Sijui. Labda. Hata mume wangu sijamwambia."

"Basi siwezi kukupa."

"Kwa hiyo unaninyima. Sasa umekuwa mzuri, unataka uwe mzuri peke yako."

Nilimweleza maneno ya daktari, hakutaka kusikia. Aliondoka, na kwa muda mrefu hakunisalimu. Tukikutana bombani anageuza ndoo yake upande mwingine. Mwanangu, watu kunicheka nilikwisha kuzoea, lakini kuchukiwa na Fatuma kulinikondesha. Bibi akaniambia nisiende kumbembeleza kwa kitu kitakachomdhuru. Nikaivumilia chuki yake. Tyubu niliificha ndani ya mtungi uliopasuka, asije akaichukua mwenyewe.

Mahindi yakavunwa. Siku ya kwenda Korogwe ikafika, tukapanda lori la kijiji tumesimama, tumevaa sare mpya, tunaimba njia nzima. Tulipofika niliomba ruhusa, nikakimbia hospitali. Kwa bahati njema daktari yule alikuwapo. Aliponiona mlangoni hakunitambua. Ilibidi nimwambie, "Mimi ni mjukuu wa bibi aliyekuambia utunze mimea."

Alinipeleka tena dirishani, akanigeuza uso kulia na kushoto. Madoa yalikuwa bado, mepesi, na mashavu yalikuwa laini kama ya mtoto aliyeoga. Akamwita muuguzi aje aone. "Huyu alifuata masharti," akamwambia, na akaonekana kufurahi kana kwamba ni dada yake. Akaniambia nisiache ghafla, niendelee kwa kiasi atakachoniandikia, na madoa yataendelea kufifia. Kisha akauliza kwa nini nimevaa sare. Nilipomwambia, akasema, "Basi nenda, unachelewa."

Uwanja ulijaa. Watu walitoka Korogwe ya zamani kule mtoni, walitoka Mombo, walitoka milimani. Vijiji viliimba, vingine vizuri kweli. Zamu yetu ilipofika nilitembea mpaka mbele ya wote, kichwa wazi, bila kanga usoni, jua la alasiri linaniangaza. Sikumbuki kuogopa. Nilifungua mdomo, na wimbo ukatoka wote, kutoka tumboni, nao wenzangu wakaupokea nyuma yangu kama ukuta. Tulipofika ubeti wa mwisho watu wa uwanja walikuwa wamesimama, wanaitikia pamoja nasi, wimbo ambao hawakuwa wameusikia kabla ya siku ile.

Tulipewa ushindi. Zawadi ilikuwa cherehani ya kikundi cha akina mama, na mwenyekiti wetu aliibeba begani mwenyewe mpaka kwenye lori, akakataa kusaidiwa. Jina la kijiji chetu lilitangazwa kwenye kipaza sauti, likarudiwa. Bibi Mwantumu alikuwa amekaa kwenye nyasi na wazee wenzake. Nilipomfikia alinishika mashavu yote mawili kwa mikono yake, akacheka tu mpaka machozi yakamtoka.

Na Fatuma alikuwapo, mimba imeonekana wazi. Alikuja akasimama mbele yangu. "Siku ile ungenipa," akasema, "ningepaka." Kisha akanikumbatia, tumbo lake kati yetu. Alijifungua binti mwenye afya wakati wa mvua za vuli, akampa jina langu. Mama Saumu naye hakusema tena habari za mume. Alianza kuwaambia majirani wenye watoto wa chunusi, kwa sauti ile ile kubwa, "Mpelekeni hospitali, acheni kumpaka majivu."

Mwanangu, nimekusimulia yote haya kwa sababu najua leo dawa za uso zinauzwa kila kona, na kila mtu ana ushauri. Ukiwa na chunusi zinazokunyima raha, usione aibu kwenda kwa daktari, ni ugonjwa kama mwingine. Ukipewa dawa ya kupaka, ifuate kama ulivyoambiwa, kidogo kidogo, ujikinge na jua, na siku uso unapochubuka usidhani umeshindwa. Ukiwa na mimba, au ukidhani unayo, sema kabla hujapaka chochote. Usimgawie rafiki dawa uliyoandikiwa wewe, hata akinuna. Na wakati unangoja kupona, usijifungie ndani. Nenda shambani, nenda darasani, nenda ukaimbe.

Mungu akupe ngozi yenye afya na moyo mpana zaidi ya ngozi hiyo. Akukutanishe na watu wanaokuambia kweli mapema, akupe subira ya kuwasikiliza, na siku yako ya kusimama mbele ya watu ikifika, ikukute umeinua uso. Amina.