Msio wa Bibi na Mapezi Yangu

Kazi yangu mama hajawahi kuitaja mbele ya watu. Nazamia na wageni. Akiulizwa, husema binti yake yumo katika mambo ya utalii, kisha huuliza bei ya samaki. Duka letu liko Mji Mkongwe, na asubuhi nyingi niko chini ya maji nikiwaonesha watu kasa. Lakini ninayoiweza kuliko wenzangu wote ni kazi ya siku ya mwisho. Siku hiyo mgeni hazamii. Ukitoka chini ya maji ukapanda ndege kabla mwili haujapumzika siku nzima, unaweza kuteremka umepooza. Kwa hiyo mgeni hukaa dukani, vyombo vyake vimeshaoshwa na kuanikwa, na mimi humfungia mzigo.

Humfungia kwa maneno makali, na sioni haya kusema kwamba naipenda sehemu hiyo. Bwana mmoja aliwahi kuja na mkanda wa risasi kutoka kwao. Risasi! Vipande vya kukuzamisha, ambavyo hakuna duka la kuzamia duniani lisilokuwa navyo, yeye kavivusha viwanja vitatu vya ndege. Nilimcheka mbele ya mkewe mpaka mkuu wangu akaniita nje.

Mambo yenyewe ni mepesi. Kifaa cha kupumulia kinakaa begi la mkononi, kimezungushiwa fulana, kwa sababu ndicho roho yako na wapakiaji mizigo hawana habari na roho ya mtu. Betri za tochi zinatolewa, nazo zinakaa mkononi. Kisu kinakwenda begi kubwa. Suti ya kuzamia ikauke kweli, maji ni kilo. Soksi zinajazwa ndani ya mapezi, vile viatu virefu vya mpira vya kupigia maji, ili nafasi isipotee. Na juu ya yote hayo, kinachopatikana unakokwenda, kiache. Neno hilo nimewaambia wageni mara nyingi, na nyumbani nimelisema wakati wa chakula, nikijivuna, mpaka mama akalijua.

Ofisi ikanipeleka Maskati kufanya mtihani wa ualimu wa kuzamia. Tiketi ilikuwa na kilo thelathini za begi kubwa, na mkuu wetu akasema gramu itakayozidi ni juu yangu.

Maskati yuko, au tuseme alikuwako, mama mkubwa, dada wa pekee wa mama yangu, aliyeolewa huko kabla mimi sijazaliwa. Figo zilikuwa zimemgomea na madaktari walishaanza kuzungumza na wanawe pembeni. Aliposikia nakwenda, aliomba kitu kimoja tu, msio wa bibi. Msio ni jiwe la kusugulia liwa, ule mti wenye harufu ambao hutiwa marashi ukasuguliwa mpaka ukatoa rojo ya kupaka usoni. Bibi yangu wa Makunduchi aliwapaka binti zake wawili kwa msio huo kila Alkhamisi. Una uzito wa kilo tatu, na ukingo wake mmoja umemeguka. Niliumegua mimi, nikiwa na miaka saba, na nilichapwa.

Siku moja kabla ya safari, baada ya alasiri, nilikuwa chumbani kwetu Kikwajuni, ghorofa ya tatu, vitu vyangu vimetandazwa sakafuni. Mama akaingia na msio ameufunga katika khanga. Akauruka mkanda usio na risasi, akaliruka jaketi la kuelea, akakaa kitandani akaniangalia.

"Wenzako wa rika lako wanafunga begi la uzazi," alisema. "We unafunga mipira."

Nilikuwa na miaka thelathini na nne na maneno hayo nilishayazoea. Siku ile yaliniingia.

"Na dada yako anakaribia kuoshwa," nikamjibu. "Liwa atampaka nani? Muosha maiti?"

Afadhali angenitukana. Alikaza fundo la khanga, akauweka msio katikati ya begi, juu ya suti yangu, akasema, "Pima."

Nina mizani ndogo ya mkono, ya kuning'inizia begi. Ilionesha thelathini na tatu.

"Si we mwenyewe kila siku unatwambia kinachopatikana huko kiachwe?" alisema mama. "Haya. Mapezi Maskati hayapo?"

Yapo. Kila duka la kuzamia la Maskati lina rafu nzima ya mapezi ya kuazima, ya kila mguu, na nilikuwa nalijua hilo. Lakini haya yalikuwa yangu, meusi, ya mpira mzito, aliyoniachia mgeni mmoja mzee aliyesema hajapata kuona mtu anayekwenda majini kwa utulivu kama mimi. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kunisifu kwa lolote linalohusu maji. Niliyatoa mbele ya macho ya mama, nikayaegemeza ukutani. Mizani ikasoma thelathini kamili. Mama akatoka.

Asubuhi alikuwa jikoni anachoma chapati za kunifungia. Harufu ilikuja mpaka chumbani. Nilifungua begi, nikautoa msio pamoja na khanga yake, nikausukuma nyuma ya kabati, nikatia mapezi. Haikuchukua muda wa chapati moja. Nikapima. Thelathini kamili, kwa sababu mapezi yale na soksi zilizojaa ndani yake yalikuwa na kilo tatu zilezile. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi, na hasira ya jana ilikuwa bado imo ndani ya furaha hiyo.

Begi tulilishusha pamoja, mimi mshikio wa mbele, mama wa nyuma, ngazi zote tatu. Chini alipumzika, mkono umeshika kiuno, akalinyanyua tena peke yake kidogo ili ausikie uzito.

"Umo," alisema.

"Umo."

Akanisomea dua, akanipulizia kichwani, akanipa chapati.

Mama mkubwa nilimkuta amelala karibu na dirisha, amepungua mpaka pete zimefungwa uzi zisimtoke. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Msio u wapi?"

Pembeni ya kitanda palikuwa na kigongo cha liwa kimeshafutwa vumbi, na kibakuli cha marashi kimefunikwa kitambaa. Alikuwa ameviandaa tangu asubuhi.

"Wameuzuia," nilisema. "Uwanja wa ndege wa nyumbani. Wamesema jiwe halipandi ndege."

Begi langu lilikuwa wazi sakafuni, kwa sababu nilikuwa natafuta nguo ya kubadilisha. Mapezi yalikuwa juu. Mama mkubwa aliyatazama kwa muda. Alikuwa mgonjwa wa figo, si wa akili.

"Na hayo hawakuyazuia," alisema.

Akaomba simu yake, akampigia mdogo wake, nami nimesimama pale pale.

"Umefika, mdogo wangu. Ee, umefika salama. Nshasugua, nshapaka. Nyumba nzima inanukia, we acha tu. Na pale alipopamegua huyu mwehu wako nimepapapasa, nikacheka." Akasikiliza. "Usilie. Mbona unalia? Nimefurahi mimi."

Alipomaliza alinirudishia simu niiweke mezani. "Funga begi lako," aliniambia, "mtu asije akajikwaa." Hakuutaja tena msio siku zote nilizokaa kwake. Liwa ile na marashi yake vilibaki pembeni ya kitanda, na kila nilipotoka asubuhi kwenda baharini nilivipita.

Mtihani nilishinda. Mwalimu mkuu alisema napiga maji vizuri. Mwenzangu wa mtihani alikuwa amevaa mapezi ya kuazima, naye alishinda.

Niliporudi, mama aliniuliza kabla sijakaa. "Kasugua mbele yako?"

"Kasugua."

"Uso wake ulikuwaje?"

"Uliang'aa."

"Ikawaje tena?"

Nikamtungia. Mama mkubwa anasugua taratibu, anainua kiganja anakinusa, anasema hii ndiyo harufu ya Makunduchi. Mama alitikisa kichwa, akataka nirudie. Kesho yake alikuja jirani wa ghorofa ya chini, mama akaniita kutoka chumbani. "Hebu mweleze bibi huyu habari ya msio." Nikamweleza. Wiki ile nilieleza mara nne, na kila mara mama aliniuliza jambo jipya. Mkono gani alitumia? Marashi aliyamimina au aliyanyunyiza? Nami nikawa na jibu kila mara, na nilianza kuona naifanya kazi nzuri. Nyuma ya kabati sikuwahi kuchungulia.

Wiki ya tatu mama mkubwa akafa. Walimzika huko huko, na mama hakuwahi.

Hitima ya arobaini tuliisoma nyumbani. Baada ya dua na chai, wanawake wamekaa juu ya mikeka, mama akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Mwanangu ndiye wa mwisho wetu kumwona dada. Hebu waeleze alivyosugua liwa."

Nilianza. Nilikuwa naijua kwa moyo sasa. Mama aliinuka, akaingia chumbani kwake, akarudi na kitu kimefungwa khanga, akakiweka mbele ya magoti yangu, akafungua fundo. Wanawake walidhani ni msio mwingine, kwani nyumba ngapi hazina? Mimi niliuona ukingo uliomeguka.

Mama akatia marashi, akachukua liwa, akaanza kusugua.

"Mbona umenyamaza?" aliniambia. "Endelea. Ulifika alipokinusa kiganja."

Nikaendelea. Nilimaliza hadithi yote, pamoja na Makunduchi, huku jiwe likisuguliwa mbele yangu, na wanawake wakifuta machozi wakipokezana kibakuli wajipake, kwa kumkumbuka marehemu. Kilipofika kwangu, mama alinipaka yeye mwenyewe, mashavu yote mawili.

Walipoondoka nilimuuliza, "Tangu lini?"

"Siku ile ile. Niliingia kufagia chumba chako." Alikuwa anakusanya vikombe. "Dada aliponipigia, nilikuwa nimeupakata."

"Kwa nini hukunambia?"

"Dada ningemwambia nini? Alikuwa anakuficha we, na mimi kanipa raha. Nikamwacha." Akapangusa sinia. "We ndo nilitaka nione utafika wapi. Na umefika mbali."

Hakupaza sauti hata kidogo. Nililia, naye akanipisha njia ya kwenda msalani kunawa uso.

Siku hizi nasafiri zaidi, kwa kuwa mimi ni mwalimu sasa. Kila ninapofunga begi, mama huingia na khanga yake, akauweka msio katikati, juu ya suti, akasema, "Pima." Hakuna anayeusubiri huko ninakokwenda. Naubeba kwenda, naubeba kurudi, na mapezi huazima huko huko. Viwanjani maofisa hulifungua fundo, wakaugeuza geuza, wakauliza ni nini. Nawaambia ni jiwe la bibi yangu. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeuzuia.