Fulana ya Jasho Chini ya Vizimba vya Nafula

Kosa ni langu. Sitamsingizia shetani!

Mimi ni kijana wa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, niliishia darasa la nane. Nilikuwa nikifagia na kulisha panya weupe katika maabara moja ya utafiti. Kuongea ni shida kwangu. Nikiitwa, natazama viatu.

Nafula, msichana aliyeajiriwa baada yangu, alinikuta pale. Muda mfupi tu, daktari mkuu wa maabara akamwachia kudunga panya sindano na kuwapima maumivu. Mimi bado ufagio! Lo, wivu ulinishika.

Daktari alikuwa ametueleza kazi yenyewe. Mwili ukiumia, askari wa kinga hutoa chembe, kama wajumbe, zinazoichochea mishipa ya fahamu hadi maumivu yanazidi. Panya wote walikuwa na mguu uliovimba. Nusu walidungwa dawa ya kuwazuia hao wajumbe, nusu maji ya chumvi tu. Nafula angegusa mguu kwa uzi mgumu. Asiye na dawa angeuvuta haraka.

Sheria ilikuwa moja: siku ya kupima, mwanaume mgeni asikaribie. Panya akinusa jasho lake huogopa, na hofu huficha maumivu.

"Wewe shika ufagio, buda, mimi nina wagonjwa wangu!" Nafula alinitania akicheka. Mimi niliungua!

Asubuhi hiyo nilichukua fulana ya kuchezea mpira ya jirani yangu mwanaume, imelowa jasho, nikaificha chini ya vizimba vyake.

Hakuna panya aliyevuta mguu. Hata mmoja!

"Nafula, umewadunga wote dawa?"

"Hapana, daktari! Haki ya Mungu!"

Hakuaminiwa. Alifukuzwa, na ule uzi nikapewa mimi. Nilipougusa mguu wa panya wa kwanza, nilishindwa kuendelea, nikauweka uzi chini. Nikamwambia daktari ukweli. Nami nikafukuzwa.

Nilimfuata Nafula kwao Mbotela, nikamkuta akifulia watu nguo. Nikamweleza yote nikilia. Hakupaza sauti.

"Kabla ya hayo yote, daktari aliniuliza nimfundishe nani hiyo kazi. Nilimwambia wewe."

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze.

"Amenipigia simu nirudi, na nitarudi," akasema, akikamua shuka. "Lakini wewe, tukipatana njiani, usinisalimie."

Wenzangu, wivu ukikushika, fungua mdomo, hata sauti ikitetemeka. Mimi nilinyamaza, nikamwangamiza mtu pekee aliyewahi kulitaja jina langu kwa wema.