Tabita Apima Chumvi ya Kijito

Tangu alipoolewa, Tabita alipika chumvi katika bonde lililo chini ya kijiji cha Msangano. Alikusanya udongo kando ya chemchemi ya chumvi, akauchuja kwa maji katika chungu chenye matundu, akachemsha maji yaliyodondoka mpaka yakakauka. Udongo uliobaki aliumwaga ukingoni mwa kijito, kama alivyofanya mama mkwe wake.

Kiangazi kile mboga za watu waliomwagilia maji ya kijito huko chini zilinyauka, mkutano ukaitishwa. Enoka, mwenyekiti wa wakulima wa mpunga, alisimama.

"Maji yana chumvi. Hapa chumvi anapika nani? Mama Tabita. Niendelee?"

"Endelea, baba," alisema Tabita. "Hujafika."

Watu walicheka, lakini walitaka jiko lake lifungwe. Hakuwa na shamba wala kazi nyingine. Aliomba siku tatu.

Alichota ndoo moja moja mahali panne kijitoni, kuanzia juu kwenda chini, akaichemsha kila ndoo mpaka ikakauka, akapima kilichobaki kwa kijiko kimoja cha chai. Siku ya nne alisoma matokeo mbele ya mkutano.

"Juu ya chemchemi, utando mweupe tu. Chini ya chemchemi, kijiko kimoja. Chini ya udongo wangu, viwili. Chini ya mfereji unaorudisha kijitoni maji ya mashamba ya Enoka, vitano."

"Sisi hatupiki chumvi!" alisema Enoka.

"Jua linawapikia. Maji yanakaa mashambani, jua linayachukua na kuacha chumvi. Kidogo kinachorudi kijitoni kinarudi nayo."

"Kwa hiyo wewe unakiri kijiko kimoja?"

"Nakiri. Vyenu ni vitatu."

Mzee mmoja aliuliza kijiko cha chemchemi kitakiriwa na nani. Chemchemi haikuwa na mjumbe.

Enoka aliomba uamuzi usubiri mavuno.

"Wakati huo mfereji utakuwa mkavu, baba. Tutapima nini?"

Mkutano uliamua kwamba mfereji uelekezwe mbali na kijito, Tabita ahamishie udongo wake mwinukoni, na jiko libaki wazi.

Alianza kesho yake asubuhi, kwa jembe na beseni. Kufikia Jumamosi alikuwa amebeba beseni mia mbili na kumi, na kilima cha udongo pale ukingoni kilikuwa hakijabadilika umbo.