Domino za Msimu wa Ziwa Kufungwa

Kipande cha domino kikigongwa juu ya mtumbwi uliopinduliwa hutoa mlio mkavu, unaozunguka ndani ya mbao kabla ya kufia mchangani. Kwangu huo ndio mlio wa miezi ya mvua huko Kashikishi, miezi ambayo serikali hupiga marufuku uvuvi ili samaki wa Ziwa Mweru wazaliane. Nyavu zilitundikwa chini ya mapaa, mitumbwi ikalazwa kifudifudi, na harufu ya samaki iliyotawala soko mwaka mzima ikaachia nafasi harufu ya lami ya kuzibia nyufa na ya mahindi mabichi yakichomwa. Wanaume waliozoea kuamka na ziwa hawakujua waiweke wapi mikono yao. Wakaiweka kwenye domino.

Zetu zilichongwa kutoka ubao wa mtumbwi mkongwe, nukta zake zikachomwa kwa msumari wa moto. Mchezo ni wa watu wawili. Kila mmoja huchukua vipande saba bila kuviona, na vilivyobaki hulala kando. Hivyo tuliviita ziwa. Unaweka kipande kwenye ncha ya mstari, namba ikikutana na namba yake, na asiye na namba inayofaa huvua ziwani mpaka aipate. Anayemaliza vyake kwanza ameshinda. Lakini mstari ukifungika pande zote mbili, nukta zilizobaki mikononi huhesabiwa, na mwenye chache ndiye mshindi. Tulikuwa pia na ruhusa moja ambayo sijaikuta kwingine: mtu aliweza kuvua hata akiwa na cha kuweka, ili atafute kilicho bora zaidi.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa darasa la sita. Mama, aliyevuka ziwa kutoka upande wa Kongo akiwa msichana, alikuwa na sehemu ya mchanga karibu na mahali mitumbwi inapofikia, na hapo alianika chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru. Upepo hupita pale bila kizuizi, na samaki wa asubuhi hukauka kabla jua halijazama. Jirani yetu Bana Chola, yaani mama yake Chola, mfanyabiashara mwenzake, akadai kwamba mchanga ule ulikuwa wa mama mkwe wake tangu zamani. Atakayeshindwa angehamia nyuma ya matete, ambako unyevu huwaozesha samaki kabla wachuuzi hawajafika. Kwetu, samaki kuoza maana yake ilikuwa mimi kuacha shule. Hilo nililijua bila kuambiwa.

Ugomvi wa namna hiyo ulimalizwa kwa domino kabla ziwa halijafunguliwa, na desturi yake ilikuwa kali: wenye ugomvi hawachezi. Kila mmoja huteua mtu wa kumchezea, kisha hukaa ameugeuzia mchezo mgongo, asione vipande wala nyuso, ili kesho asimchukie mwenzake kwa jinsi alivyocheka. Bana Chola alimteua shemeji yake, Ba Musonda, mvuvi mwenye maneno mengi kuliko samaki aliowahi kuwaleta pwani. Mama alinitaja mimi.

"We mama, unaleta mutoto?" Ba Musonda alisema, na watu wakacheka. "Basi nitamuchezea na mukono wa kushoto."

"Cheza hata na miguu," mama alijibu. Akageuka, akaketi, akaanza kumenya karanga.

Ni yeye aliyenifundisha kwamba kila namba imo katika vipande saba, wala si zaidi. Ukihesabu vilivyotoka, unavijua ambavyo havijatoka. Kwa hiyo nilihesabu. Ba Musonda alicheza vizuri, haraka kuliko mimi, hadi tulipofika katikati, naye amebakiwa na vipande vichache tu. Alikuwa na cha kuweka. Nilimwona akikigusa kwa kidole gumba. Lakini ziwa lilikuwa mbele yake, na yeye alikuwa mvuvi aliyekaa msimu mzima bila kuvua.

"Ziwa hii serikali haikuifunga, mayo," aliniambia, akiniita mama kwa lugha ya kwetu, akavua. Hakuridhika, akavua tena. Watu walikipokea kila kipande kwa kelele kana kwamba ni samaki wa kweli. "Muone, wavu imejaa!" Vipande vilimzidi viganja, akavipanga pajani. Hatimaye akaweka kimoja, mbili ikabaki wazi upande wake.

Upande wa pili ilikuwa nne. Vipande sita vyenye nne vilikuwa vimeshatoka. Cha saba, chenye mbili na nne, nilikishika mimi. Nilikutanisha mbili na mbili, nne ikasimama kila ncha, na nne nyingine haikuwepo popote.

"Vuwa, Ba Musonda," nilisema.

Akavua mpaka ziwa likakauka, akavitazama vyote. Tulipogeuza, mimi nilikuwa na vipande viwili vyepesi. Vyake vilifunika mgongo wa mtumbwi.

"Nani ameshinda?" Bana Chola aliuliza, bado ametazama kwingine. "Mbona munanyamaza?"

"Shemeji, huyu mutoto amenifungia ndani ya wavu yangu mwenyewe," Ba Musonda alisema, akacheka kwa sauti kuliko wote.

Mama aliendelea kumenya karanga. Badala ya kuhamia nyuma ya matete, Bana Chola alipeleka biashara yake kisiwani Chisenga, na kila alipopita kwetu alikaribishwa chai kama ndugu.

Siku hizi vijana wa pwani ile hucheza domino kwenye simu, na simu haiwaruhusu kuvua zaidi ya haja yao. Nami nimesoma hadi chuo kikuu, na kazi yangu hunikalisha katika vikao ambamo watu hugombea ardhi, kila mmoja akijisemea, macho yakikaziana. Nimekabidhiwa ofisi, funguo na saini. Hata hivyo, kila aliyenikabidhi kitu alibaki akiniangalia mikono. Mama peke yake aliniachia riziki yetu yote, akanipa mgongo, akatazama upande wa soko na kumenya karanga.