Kaya ya Mzee Mabula Ilipokataa Kufutwa

Tarehe 18 Juni 2021, Euphrasia Maige alikabidhiwa cheti cha ufundi wa kompyuta mjini Shinyanga. Baada ya hapo alipata kazi katika studio ya video ya Davis, mtaa wa Kambarage, na hadi leo yuko hapo, akitunza kompyuta yenye video za harusi na misiba ya watu wa mjini na wa machimboni Bugarama.

Kompyuta hiyo inatumia Linux, na diski yake imegawanywa katika sabvolyumu, yaani vigao ambavyo kila kimoja hunakiliwa au kufutwa peke yake. Euphrasia alivipanga kama alivyolelewa. Kwao Msalala, kijana akioa hujenga nyumba yake ndani ya mji wa baba. Basi kila kaya ikapewa kigao, na mtoto akifunga ndoa, kigao chake hufunguliwa ndani ya kile cha baba yake. Davis huuita mpango huo ushamba, ingawa hajawahi kuleta mwingine.

Mwezi uliopita diski ilijaa, na kulikuwa na harusi ya kurekodi wikendi. Ilibidi kazi za zamani zifutwe, nakala zake zibaki kwenye diski ya nje. Nakala hizo Euphrasia alizipiga mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya kufuta, Eunice alimpigia simu kutoka Nkome, anakoanika dagaa. Mumewe, Gregory, mtoto wa mzee Mabula, alifukiwa na duara, yaani shimo la wachimbaji, huko machimboni akafa, na simu yake ikapotelea humo humo. Wakati huo binti yao, Sikujua, alikuwa bado hajaanza kutembea.

"Wangaluka, mayu," Eunice alisalimia kwa Kisukuma. "Ile harusi yetu bado mnayo? Mtoto anaanza kuuliza baba yake alikuwa anaongeaje."

"Ipo, Mama Sikujua. Na nakala ipo. Usiwe na wasiwasi."

Katika kufuta, Euphrasia alipofika kwenye kigao cha kaya ya mzee Mabula, aliandika amri ya kufuta. Mashine ikajibu kwamba folda si tupu.

"Imegoma, bosi."

"Imegoma? Na yenyewe inataka posho?" Davis alikuwa anafunga miguu ya kamera. "Kuna amri ya kufuta na vyote vilivyomo. Nimeiona kwa jamaa mmoja mtandaoni. Piga hiyo tuondoke."

"Ngoja kwanza nione kuna nini ndani."

"Wewe ndiye uliyevipanga, halafu hujui kuna nini?"

Euphrasia aliita orodha ya sabvolyumu zote za kaya ile. Kilitokea cha mzee mwenyewe, ndani yake vya wanawe, Amosi na Gregory, na ndani ya cha Gregory kingine kidogo chenye harusi. Akachomeka diski ya nje na kufungua nakala. Folda ya Gregory ilikuwepo, na jina lake liliandikwa sawasawa. Ndani hakukuwa na kitu.

Alikuwa amenakili ua wa mzee akidhani amebeba na nyumba za wanawe. Nakala ya kigao huishia kwenye mipaka yake. Vigao vilivyomo ndani huacha majina matupu. Kama angemtii Davis, sauti ya Gregory ingekuwa imekwisha, na yeye asubuhi amemwambia mjane asiwe na wasiwasi.

"Davis, njoo uone."

Davis akainama, akatazama, akaifungua folda ile tena kwa mkono wake. Utani ulimwisha.

"Zote ziko hivi?"

"Zile nilizofuta zilikubali, maana yake hazikuwa na kitu ndani. Zilizobaki zenye watoto, nadhani zote."

"Basi usifute kingine. Nitaazima diski kwa rafiki yangu Januari twende nayo harusini."

Euphrasia alinakili kigao cha harusi peke yake, kisha cha Gregory, kisha cha Amosi. Kila nakala aliifungua na kuicheza. Katika moja Gregory alikuwa anawashukuru wakwe zake huku akisahau majina yao, na watu wanacheka. Aliiacha hadi mwisho. Ndipo akaanza kufuta, cha ndani kabisa kwanza, akitoka nje hadi kwa mzee, na mara hii mashine haikukataa.

Jumapili, Euphrasia atapanda basi kwenda Nkome kumpelekea Eunice harusi hiyo, na atamweleza ilivyokuwa.