Boshori ya Mjukuu

Chupa ya mafuta ya nazi ndiyo iliyokuwa ikitutangazia kipupwe enzi zetu, sisi watoto wa Mombasa tuliozaliwa kabla simu hazijaingia mifukoni. Bibi yangu, mamake mama, aliiweka dirishani chumbani kwake kule Likoni. Asubuhi moja ya mwezi wa nane angeichukua, aitikise, aone mafuta yameganda meupe mpaka shingoni mwa chupa, kisha atangaze nyumba nzima isikie: "Kipupwe kishaingia! Hakuna mtoto kuoga baada ya alasiri!" Lo, furaha yetu! Tulipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Katika amri zote za wazee nilizopata kuzisikia, hiyo ndiyo peke yake niliyoitii bila kusukumwa.

Sisi tulikuwa tukikaa Port Reitz, baba akifanya kazi bandarini. Likizo ya Agosti ikifika, mama alitufungia nguo zetu zote kwenye leso moja, akatuvusha feri, akatukabidhi kwa Bibi. Na likizo ilikuwa likizo, mwezi mzima, si hizi siku chache za leo ambazo mtoto anarudi nyumbani na furushi la kazi za shule kubwa kuliko la nguo. Binamu wengine walitoka Kisauni, wengine Changamwe, tukatimia tisa. Tulilala ukumbini kwenye jamvi moja na shuka mbili. Aliyelala karibu na mlango ndiye aliyekula upepo wote, kwa hiyo kila jioni palikuwa na vita vya kugombania katikati. Mimi nilikuwa mwembamba, na mara nyingi nilijikuta mlangoni.

Asubuhi palikuwa na uji wa pilipili manga, unaoteremka kooni ukichoma mpaka machozi yanatoka, na Bibi akisimama juu yetu na upawa akisema, "Kunyweni, uji huu ndio koti lenu." Baada ya hapo hatukuonekana tena. Tulicheza kati kwa mpira wa matambara, wasichana wakicheza mdako barazani, wavulana tukipiga bano, zile gololi za kioo, mpaka vidole vinachubuka. Njaa ikituuma tulinunua muhogo wa pilipili au mabuyu, tukarudi na ndimi nyekundu huku tunaapa kwamba hatujala kitu. Wallahi tulikuwa waongo sisi, lakini waongo wenye afya.

Kilichogombaniwa kuliko vyote kilikuwa mapaja ya Bibi. Yeye naye alikuwa na kanuni yake: paja moja la mdogo kuliko wote, paja la pili la mgonjwa. Basi kila baada ya magharibi nyumba iligeuka hospitali. Huyu tumbo, huyu sikio, huyu jino lililokwishang'oka mwaka jana. Bibi alikuwekea kiganja kwenye paji la uso, akafumba macho kama daktari mkubwa, kisha akatoa hukumu: "Homa hii ya uongo dawa yake ni kufagia ua." Ukafagia kweli. Lakini ukimaliza, alikupisha ukae kidogo, na leso yake ilinukia karafuu na moshi wa kuni.

Vijana wa siku hizi wakiumwa huiuliza simu kwanza. Nami nikisema hivyo mke wangu hucheka sana. "Enzi zenu zipi, Baba Mamu? Una miaka thelathini na sita!"

Mke wangu ni Wangari, mzaliwa wa Nyahururu, na huko ndiko kazi yangu ya ufundi wa umeme ilikonipeleka na kuniacha. Tuna binti mmoja wa mwaka na mwezi mmoja, Maimuna, tunamwita Mamu. Hutambaa kama mtu aliyechelewa kazini, na akishika kitu husimama dede. Nyumba ile ya Likoni sasa ni ya mama yangu, maana Bibi alishatangulia mbele ya haki. Mama magoti yanamsumbua, safari ndefu haziwezi, kwa hiyo tangu Mamu azaliwe hawajapata kuonana ila kwenye simu. Na Mama hajui kuishika simu. Kila tukimpigia tunaona kipaji cha uso na feni ya darini.

Agosti hii nikasema haya basi, likizo tutaimalizia Likoni, siku kumi, mtoto amjue bibi yake. Tulifika Ijumaa. Wangari alikuwa amekwisha kumvua mtoto masweta matatu ya Nyahururu, akamvisha kigauni chepesi kisicho na mikono.

"Shikamoo Mama," akasema mlangoni.

"Marahaba mwanangu, karibuni. Lakini lahaula, mbona mtoto yu uchi na kipupwe hiki?" Kisha Mama akanyoosha mikono yote miwili. "Njoo, njoo kwa bibi."

Mamu alimtazama, akavuta pumzi, akaachia ukelele ambao nadhani ulifika ng'ambo ya pili. Akajificha shingoni kwa mamake. "Mgeni huyo, atanizoea," Mama akasema akicheka, lakini mikono yake ilibaki hewani kwa muda. Nami niliiona.

Hapo akaingia chumbani akatoka na zawadi. Alikuwa amefuma kwa mkono wake, miezi minne, na macho yale yasiyoona tundu la sindano: sweta, soksi, na boshori ya sufu ya rangi ya chungwa yenye kifundo juu. Akamvalisha mtoto papo hapo. Jasho likaanza kumchuruzika Mamu kabla kifungo cha mwisho hakijafungwa.

"Mama, kwetu maji ya mfereji asubuhi yanauma vidole," Wangari akasema kwa adabu. "Hapa mtoto anaona joto."

"Baridi ya bara inapiga hodi, mwanangu. Kipupwe cha pwani huingia mifupani kimya kimya."

Wangari akanitazama nimwokoe. Mimi, mwanamume mzima, nikatazama dari.

Basi ikawa hivyo siku nenda siku rudi. Mama anavisha, Wangari anavua. Mama akitoka kuswali, boshori inatoka. Akirudi, boshori inarudi. Mtoto akatoka harara shingoni, Mama akasema ni upepo. Chupa ya mafuta bado iko dirishani, na kila asubuhi Mama aliniletea niione ilivyoganda, kama wakili anayeleta ushahidi. Mimi nilikuwa nikicheka tu.

Sikuona kwamba Mamu alikuwa akijifunza. Kila bibi yake alipomkaribia, boshori nayo ilikuja. Ikafika mahali akisikia tu ndara za bibi yake zikibururwa uani, anashika kichwa kwa mikono miwili na kuanza kulia. Kwa watu wengine hakuwa na neno. Alikwenda kwa Bi Mwanasiti, jirani wa ukuta mmoja, akamvuta pua. Alikwenda kwa muuza madafu aliyekuja kuuza tu. Alimkubali kila mtu mtaa mzima ila mwenye nyumba.

Jumatano asubuhi nilimkuta Mama jikoni anakuna nazi. Hakuinua macho.

"Nyinyi hamkuwa hivi," akasema. "Nyinyi mlimparamia Bibi yenu mpaka akaomba pumzi. Huyu wangu ananiona kama daktari wa sindano."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Jumapili mnaondoka. Magoti haya hayanifikishi Nyahururu. Nikifa kabla mjukuu wangu hajanijua, je?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema. Nimwambie nani mwingine?"

Niliumia, sitaki kudanganya. Mimi nilikulia kwenye paja la nyumba ile, na mwanangu alikuwa hataki hata kuligusa. Nilikaa pale nikimmenyea vitunguu ambavyo hakuniomba nimenye. Siku zilizobaki nilizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kesho yake Wangari alitaka vitu vya kurudi navyo, nazi, ndimu na mihogo, na akasikia soko la Kongowea ni rahisi. Mtoto alikuwa amelala. "Nendeni," Mama akasema. "Akiamka nitampa uji." Wangari alisita, akanitazama, tukaenda. Tulidhani tutarudi mara moja. Kumbe! Sokoni lori la kabeji lilikuwa limekwama katikati, mikokoteni imelizunguka, wachukuzi wanapigiana kelele kila mtu akimwambia mwenzake arudi nyuma. Tulipojinasua tukakuta foleni ya feri imefika juu kabisa. Wangari aliminya tu mfuko wa ndimu njia nzima.

Adhuhuri ilikuwa imepita tulipoingia kichochoroni kwetu. Tulitega sikio. Kimya.

"Mbona kimya?" Wangari akasema, na akaanza kukimbia. Nikamfuata na mihogo begani.

Uani, juu ya jamvi, Mama alikuwa amekaa amenyoosha miguu. Kichwani, juu ya mtandio, alikuwa amevaa ile boshori ya rangi ya chungwa, imekaa utosini kama kifuniko cha birika, na jasho linamtiririka mashavuni. Mapajani mwake alikaa Mamu, na nepi tu, hana kingine. Mtoto aliichomoa boshori, akacheka mpaka akapaliwa, akairudisha. Mama akainamisha kichwa avishwe. Ikachomolewa tena.

"Mmerudi mapema mno," Mama akatuambia.

Tukamwuliza imekuwaje, akainamisha tena kichwa avishwe. Siri ya mtungi muulize kata, na kata wetu alikuwa Bi Mwanasiti, aliyeona yote kwa juu ya ukuta na alikuwa akifa kwa hamu ya kusema.

Alisema mtoto aliamka, akatafuta mamake, hakumwona, akapiga ukelele. Mama mbio akachukua boshori kwanza, maana mtoto anatoka usingizini na upepo unavuma. Mtoto akazidi, akalia mpaka sauti ikamkauka. "Basi mamako akaitupa ile kofia huko, akaketi chini, akaangua kilio. Kilio cha mtu mzima, mwanangu, cha sauti. Nilitaka kuja, nikaona haya."

Mamu akanyamaza. Hajapata kumwona mtu mkubwa akilia, labda. Akamkodolea macho kwa muda mrefu. Kisha akatambaa mpaka ilipoangukia boshori, akaiokota, akamwendea bibi yake, akashika dera lake, akasimama dede, na akamtia ile kofia kichwani.

"Akamvisha!" Bi Mwanasiti akapiga mapaja. "Naapa, ilikuwa kama anamwambia: kama baridi ndiyo inayokuliza, vaa wewe!"

Tulicheka sote, na Wangari akicheka hivyo hivyo machozi yanamtoka. Usiku ulipoingia tukiwa tunakula, Mama alimgeukia akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mtoto asivishwe tena. Mwenye baridi ni mimi." Wangari akainuka, akamkumbatia pale pale na mikono ya wali. Mimi safari hii sikutazama dari, niliwatazama wao.

Siku zile tatu zilizobaki sikumshika binti yangu. Sikupewa. Mama akienda kumwaga maji, Mamu yu nyuma anatambaa. Mama akiswali, Mamu amempanda mgongoni, na sijda ikarefuka. Akila, anataka tonge kutoka mkono ule ule. Wangari akimwita, anageuza uso upande wa pili kama hamjui, na Mama anajifanya kuona haya, lakini alikuwa akifurahi waziwazi. Mapenzi ni kikohozi, nani awezaye kuyaficha?

Nilikaa barazani nikiwatazama, na nikaona jinsi tulivyokuwa matajiri bila kujua. Sisi Bibi wetu alikuwa ng'ambo ya feri tu. Tulikuwa naye mwezi mzima, kila mwaka, mpaka tukamzoea kiasi cha kumwibia sukari. Mwanangu amepata siku kumi, na sita kati ya hizo alizimaliza akilia. Tunapenda kuwasema watoto wa siku hizi kwamba hawajui wazee wao. Watajulia wapi? Sisi ndio tuliowachukua tukaenda nao mbali kutafuta riziki, kisha tukawapa kipaji cha uso ndani ya simu tukawaambia huyo ndiye bibi. Siwezi kumlaumu mtoto wa mwaka mmoja kwa hilo.

Jumapili asubuhi mizigo ilikuwa mlangoni. Nikanyoosha mikono kumchukua Mamu, naye akamng'ang'ania Mama shingoni kwa nguvu zake zote. Ilibidi nimbandue kidole kimoja kimoja. Alilia kilio ambacho sijapata kumsikia, mikono yote miwili imeelekea nyumbani, na mimi babake nilisimama pale na furaha imenijaa kifuani kwa sababu binti yangu analia. Wangari akatikisa funguo, akamwonyesha kuku, akampa biskuti. Mimi nikaanza kumbembeleza nikimrusha rusha.

"Msimnyamazishe," Mama akasema kutoka mlangoni. "Mwacheni alie. Analilia kwao."