Babu, nyuki na masikio yangu makali

Leo daktari kaniuliza nimesomea wapi. Mimi! Niliyetemwa na kidato cha pili!

Nimempeleka babu kliniki ya kisukari hapa Mpanda. Daktari kacheki macho, kacheki miguu, anataka kutuaga.

Nikadakia, "Na masikio je?"

Babu akawaka. "Nasikia vizuri! Nyie ndio mnaongea kama mna ugali mdomoni."

Nikamwaga yote. Jumamosi kule Ugalla babu alitega sikio kwenye mzinga, akasema nyuki wamehama. Mimi nawasikia wananguruma! Akafungua. Jamani, tulikimbia hadi mtoni, na mzee kanipita.

Daktari akampima. Masikio yote yamefifia. Kumbe kisukari cha miaka mingi kinaweza kuyaharibu polepole, mwenyewe asijue.

Babu akanywea. "Sasa nitarinaje asali?"

"Vipo vifaa vya kusikia, mzee. Umewahiwa."

Kawahiwa na nani? Semeni!

Tukiwa tunatoka, babu akaniinamia akidhani ananong'ona:

"WEWE UNA AKILI KULIKO WAJOMBA ZAKO WOTE!"

Foleni nzima imesikia.

Wajomba, najua mko humu. Toeni maoni.